Kipimo Chenye Umbea

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Mwaka wa nne tangu niondoke Newala. Mgongo unauma. Leo Hyasinta, nesi wa kliniki ya kisukari, kaniambia mkojo wangu una protini, dalili kwamba figo zimeanza kuumia. Nikafurahi kidogo. Wenzangu wanaikosa, mimi mpaka inamwagika! Nesi hakucheka. Kasema sukari ikikaa juu, presha, chumvi na sigara vyote vinaumiza figo. Tena baba yangu alikufa kwa figo, kwa hiyo mimi niko karibu zaidi na shimo. Nirudi Ijumaa kwa vipimo kamili.

Nimempigia mke wangu, Zulekha. Kasema majibu yakiwa mabaya, anapanda basi kuja kunichukua mwenyewe. Hatanii huyo. Atanitoa Kariakoo mbele ya makuli wote, kanishika sikio.

Jumanne, 9 Septemba
Ismail, kuli mwenzangu, naye ana kisukari. Anakula mchicha, anakunywa maji, anajiona daktari. Kanishauri niache soda. Nikamwambia marobota ya vitenge hayabebwi kwa mchicha! Sisi wanaume tuna mchanganyiko wetu: soda baridi na vidonge viwili vya diklofenaki, mgongo unasahau. Kanijibu, "Mgongo utasahau, kaka. Figo zinakumbuka." Hapendwi huyu.

Mpango wangu: sili mpaka Ijumaa. Sukari itatoka wapi?

Alhamisi, 11 Septemba
Njaa! Nimeanguka na robota mbele ya genge la Mama Candida. Kanipepea na kanga huku akiuliza ni mfungo gani huu usio na futari. Kanipa chapati. Nikakataa. Kanipa sambusa. Sambusa ni ndogo. Nikala nne. Jioni mgongo ukawaka, nikameza vidonge vitatu, maana jana sikumeza chochote.

Ijumaa, 12 Septemba
Ushindi! Kidole kimetobolewa, sukari nzuri. Nikainuka niondoke. Nesi kaniambia nikae, bado damu ya mkononi. Eti hiyo inaonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita. Miezi mitatu! Nani kaleta kipimo chenye umbea namna hii? Kimesema yote, kimebakiza kutaja rangi za soda. Presha juu. Protini imeongezeka.

Kaniuliza mgongo nautibu kwa dawa gani. Nikamweleza mchanganyiko, kwa fahari. Kafumba macho. Kasema diklofenaki ya kila siku kwa figo zilizokwisha kuumia ni kuzichimbia kaburi. Kachukua vidonge vyangu, katupa. Kanitaka niape. Nikaapa: kidonge hakitapita tena mdomoni mwangu.

Jumamosi, 13 Septemba
Kiapo nimekishika! Mdomoni hakijapita kitu. Duka la dawa la mtaa wa nyuma wanachoma diklofenaki kwa sindano, tena inafika haraka. Nesi sindano hakuitaja. Nimebeba marobota mpaka Ismail kaacha maji yake kunitazama. Wivu!

Nimempigia Zulekha, nimemsomea sukari ya kidole, hiyo tu. Kashukuru Mungu, kaniuliza nitarudi lini. Nimemwambia korosho zikianza kuanguka, nipo mlangoni. Na figo zote mbili.