Malalamiko Kuhusu Spika Ulizomtumia Baba

Kwa Mheshimiwa Kaka Mkubwa,
Mkuu wa Familia kwa Njia ya Simu.

Kaka,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo wote, isipokuwa amplifaya.

Baada ya salamu, naomba kuwasilisha malalamiko rasmi kuhusu zile spika mbili ulizomtumia Baba. Najua ulizituma kwa moyo mweupe. Kila ukipiga simu, Baba husema hakusikii, na kwamba ingekuwa heri uje mwongee ana kwa ana. Nawe kila mara huahidi kuja kazi zikipungua. Kazi zako, Mungu azibariki, hazijui kupungua, na huu ni mwaka wa tatu. Ndipo ukaona dawa ni kuunganisha simu kwenye amplifaya, mzee akusikie sebuleni kama tangazo la mnada. Wazo zuri sana. Matokeo yake ni haya:

1. Uliandika kwamba umechagua spika za om nne makusudi, kwa kuwa namba ndogo haiwezi kutupa taabu. Fundi redio alipoisoma namba hiyo mgongoni mwa spika, alivua miwani, akaipangusa, akaisoma tena. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba, kwamba om ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, na namba ikishuka mzigo unapanda, maana spika inavuta umeme mwingi zaidi. Amplifaya ya Baba, ile iliyokuwepo tangu unasoma, imeandikwa nyuma om nane, na kwamba chini ya hapo isifungwe kitu. Kwa hiyo umetuletea wageni wa aina ile wanaosema "sisi hatuli sana", halafu wanaulizia sufuria.

2. Jumapili tulizifunga hivyo hivyo, kwa kuwa ulisisitiza. Familia nzima ilikaa sebuleni imevaa vizuri. Ulipoanza kumwamkia mzee, amplifaya ikazima katikati ya salamu. Baba alisikia "Shika", akauliza ashike nini. Ilipopoa ikawaka yenyewe, nawe ukasikika ukisema, "Basi Baba, niko kwenye kikao." Mpaka leo mzee anajua mambo mawili tu kuhusu mwanawe wa kwanza: kwamba kuna kitu anatakiwa ashike, na kwamba uko kwenye kikao.

3. Fundi akashauri amplifaya ipepewe isipate moto. Feni tuliyonayo ni moja, nayo ni ya Baba. Kwa sasa feni inaipepea amplifaya, na mke wangu anampepea Baba kwa gazeti. Alipolalamika nilimweleza kwamba hizo ndizo gharama za kuwa na shemeji mwenye uwezo. Hakucheka.

4. Mimi, kama bado unakumbuka, ni fundi cherehani. Soketi pekee iliyobaki nzima nyumbani ndiyo niliyokuwa nachomekea pasi, na sasa imekaliwa na amplifaya pamoja na mpepeaji wake. Wateja wanachukua nguo zikiwa na mikunjo. Mwalimu mmoja amekwenda kufundisha na suruali yenye marinda ambayo hakuyaagiza, na wanafunzi wake wamenitungia jina.

5. Kwa kuwa spika hatuwezi kuzirudisha bila kukuvunjia heshima, tunaomba uzitafutie mwenzi wa kuziweza. Fundi anasema zipo amplifaya zilizoundwa kubeba om nne mchana kutwa bila kunung'unika, wati mia kila upande. Tuma moja. Ila kitu kikubwa namna hiyo hakiwezi kutegemea nyaya alizozitandika Baba kwa mkono wake, kwa hiyo tuma na fundi umeme abadilishe zote. Sauti ya wati mia nayo haitaenea kwenye sebule yetu, maana ukinyoosha miguu umefika ukutani. Itabidi kibomolewe chumba changu. Mimi na mke wangu na watoto tutahamia jikoni, hatuna kinyongo. Jirani yetu mkunga, ambaye hulala mchana baada ya zamu, tutamwomba ahame, au azungumze na wajawazito wajifungue saa za kazi.

6. Hata hivyo, fundi ameonya kwamba mzee wa umri ule asikae karibu na sauti kubwa kiasi hicho. Nimejaribu kumtafutia mahali. Barazani ni karibu mno, kwa mkunga ni karibu mno, dukani pia. Baada ya kupima kila kona, naona mahali pekee panapofaa Baba kukaa ili akusikie bila kuumia ni kituo cha mabasi. Na akishafika kituoni, Kaka, basi la kuja kwako linaondokea hapo hapo. Naomba ulitafakari hilo.

Natumaini kikao kitakachojadili barua hii kitakuwa na akidi. Wasalimie shemeji, watoto, na yule mlinzi wa getini anayepokea simu zako kwa adabu kuliko mwenyewe. Baba anakusalimu. Mke wangu naye atakusalimu mkono ukipumzika.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Mkaa Nyumbani.

Tanbihi: Barua ilikuwa imeshafungwa. Asubuhi hii fundi alipita, akazifunga spika zote mbili kwenye waya mmoja, moja ikifuata nyingine, zikawa om nane. Amplifaya imepoa kabisa. Ndipo tukakupigia, nawe ukasikika mpaka kwa mkunga, kila neno. Baba akasema hakusikii. Ulipokata, mke wangu akaninong'oneza jikoni kwamba chumvi imekwisha, na Baba akaitikia kutoka sebuleni kwamba ipo kwenye kopo la juu. Nikamfuata nikamuuliza kwa nini anatufanyia hivi. Akaniambia, "Siku nikimsikia, hatakuja tena."

Kwa hiyo futa namba moja mpaka sita. Amplifaya usitume.