Vibanio Vitatu na Cherehani Moja

Jumatatu, 3 Machi
Vita vimeanza. Dada yangu anaishikilia cherehani yangu tangu nilipougua. Iko chumbani kwake, imefunikwa shuka kama maiti. Atairudisha, anasema, siku ngazi yangu itakaponyooka. Ngazi yenyewe? Karatasi ngumu ukutani pale kliniki ya akili, vidato kumi. Kila mgonjwa ana yake, anabana vibanio vya nguo kwenye kidato anachojiona yupo: kimoja cha usingizi, kimoja cha matumaini, kimoja cha maelewano nyumbani. Tunajipima wenyewe. Wenyewe! Fisi kakabidhiwa bucha. Nikavipandisha vyote hadi kumi. Mwalimu mstaafu, jirani yangu wa kiti, anajikokota kwenye tano mwezi mzima. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Dada kaitwa kliniki. Kaiona ngazi, kashika kiuno. Akamwambia mshauri wa pale kuwa mara ya mwisho nilipokuwa kumi kwa kumi nilishona mapazia usiku na mchana, ya nyumba ambayo haijajengwa. Mshauri akauliza kwa upole kama nalala. Nikasema nalala fofofo. Dada akasema basi ni nani aliyekuwa sebuleni kwake alfajiri akivipima viti nguo? Umbeya mtupu. Viti vyenyewe vilikuwa uchi.

Haya, kumi imezidi. Nimeviteremsha vyote hadi moja, ili nipande taratibu, wayaone maendeleo. Akili ni mali.

Jumatatu, 10 Machi
Maendeleo hawakuyasubiri. Dada alipoona moja alihamia kwangu na godoro lake. Kachukua mkasi, sindano, hata pini za pindo. Nikinyoa ndevu, yuko mlangoni. Jana nimekata kitunguu kwa kijiko. Nililia, wala si kitunguu.

Leo nimenakili ngazi ya Mwalimu, kibanio kwa kibanio, maana yeye hasumbuliwi na mtu. Kumbe yeye ana kibanio cha nne, cha jambo alilojichagulia; nani aliniambia? Chake ni ndoa. Dada akauliza nimeoa lini. Mshauri akataka kujua kwa nini ndoa yangu iko kidato cha tano. Mwalimu akacheka mpaka akatoa leso. Mtu wa tano tano yule, ananicheka mimi!

Alhamisi, 13 Machi
Mshauri kaniweka kitako. Akauliza mteja akivuta tumbo wakati wa kupimwa, inakuwaje. Nikamwambia nawajua sana hao! Wanajibana, wanajidanganya, nguo ikipasuka lawama kwa fundi. Wajinga wakubwa. Akaigeukia ngazi yangu ukutani.

Kisha habari njema: dada kaahidi mbele yake. Nikijipima kwa ukweli leo, cherehani inarudi Jumamosi. Naitamani ile sauti yake. Tangu ichukuliwe, mikono yangu haijui pa kukaa.

Basi nikajipima kwelikweli. Usingizi nne. Matumaini sita. Nyumbani tano. Kweli tupu, na nikajisikia mwepesi, sijui kwa nini.

Ila fundi gani anakata kitambaa bila kuacha inchi mbili za mshono? Nikaongeza mbili kila mahali. Halafu nikamwona Mwalimu kapanda hadi saba, anatabasamu. Nikaongeza tena.

Dada hatagundua kitu. Nimeshafuta vumbi mezani, pale itakapokaa.