Maji Yaliyopita Mtihani

Jumatatu, 3 Februari 2014

Barua imefika. Bahasha ya kahawia, mhuri wa watu wa mazingira, Embu. Eti maji yanayotoka kwenye mtambo wangu wa majitaka yanaingia kijitoni yakiwa machafu kupita kiwango. Afisa atakuja Jumatano ya wiki ijayo kuchukua sampuli. Ikianguka, lojingi inafungwa. Vyumba kumi na vinane! Na kwaya tatu zimeshashika nafasi ya Pasaka.

Nimesoma ukurasa wa kwanza mara nne. Wa pili sikusoma. Ukurasa wa pili huwa ni saini na maneno ya kisheria. Nimempa Karambu, mke wangu, awashie jiko.

Najua aliyenishtaki. Mwalimu Kiambi, ambaye shamba lake liko chini ya langu, na kabichi zake zinakunywa kijito hicho hicho. Alinifundisha darasa la sita. Serikali imemstaafisha, yeye amekataa. Sasa ni mwenyekiti wa mradi wetu wa maji, anafungua na kufunga valvu kama mtu anayepiga kengele ya shule.

Mtambo wangu hauna ubaya. Matangi matatu chini ya ardhi, mota inapuliza hewa, vidudu visivyoonekana vinakula uchafu. Ndivyo alivyoniambia aliyeniuzia. Ila mota ilikuwa inanguruma na wageni wakalalamika. Mwaka jana nikaihamishia kwenye mashine ya kukata nyasi za ng'ombe. Inakata vizuri ajabu.

Karambu anasema nirudishe mota, mambo yaishe. Nikamuuliza ng'ombe watakula nini. Akasema, Baba Murithi, ng'ombe walikuwa wanatafuna kabla umeme haujafika Nkubu.

Karambu haelewi mipango.

Jumatano, 5 Februari

Zamu yetu ya maji. Upande wetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Upande wa chini wana siku zao. Jumapili hakuna anayepata, mwenyekiti yuko kanisani. Karambu aliamka mapema akajaza pipa la jikoni kwa maji ya kwanza, kama kawaida yake, kabla majirani hawajaanza kuyagawana.

Nilikutana na Kiambi sokoni. Mbele ya watu. Akasema, Marete, hata darasa la sita ulikuwa unaficha kazi mbovu chini ya dawati. Mama anayeuza ndizi alicheka mpaka akakaa chini. Nikamjibu kwamba kabichi zake zinanenepa kwa mbolea yangu na sijasikia asante. Akasema kabichi hizo haziliwi tena, zinatazamwa tu.

Nimefika nyumbani nikiwaka. Karambu alikuwa anasuuza sufuria ya maziwa. Maji ya kwanza, meupe. Akaacha mfereji wazi. Ya pili, meupe kidogo. Ya tatu, maji tu. Maziwa yamepotelea kwenye wingi.

Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Siumwi. Afisa anataka maji safi yatoke kwenye bomba? Yatatoka.

Ijumaa, 7 Februari

Nimekwenda dukani kwa Njura kununua bomba, futi sitini, na kiungo cha njia tatu. Njura ana maswali kuliko misumari. Akataka kujua ninaunganisha nini na nini. Nikasema ni bustani. Akasema basi chukua na valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Nikamwambia maji hayana miguu, yarudi wapi. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyekataa sindano. Akanifungia bomba.

Kila mtu Nkubu sasa ni mwalimu.

Jumapili, 9 Februari

Nimemwambia Karambu tumbo linauma, siwezi misa. Akasema ataniombea.

Wote walipoingia kanisani nikashika jembe. Nimekata bomba linaloleta maji jikoni, nikaweka kiungo, nikavuta bomba jipya chini ya ardhi mpaka chemba ya mwisho ya mtambo, pale ambapo maji hupita yakielekea kijitoni. Nimetumia futi arobaini. Nikafukia, nikapanda sukuma wiki juu. Sukuma ya kutosha kumdanganya hata mbuzi.

Karambu amerudi. Padre amehubiri juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa. Sikuona inanihusu. Mimi chokaa sijatumia.

Jumanne, 11 Februari

Jana ilikuwa zamu yetu. Nilikwenda kutazama bomba la kutolea. Maji yanang'aa! Nilikaribia kuyasalimia.

Leo zamu ni ya upande wa chini, bomba letu ni tupu. Mchana nimepita karibu na sukuma nikasikia kitu kinanyonya ardhini, kama mtu anayemaliza soda kwa mrija. Nikafunua chemba ya mwisho. Maji yameshuka karibu shubiri nzima, na hayakwenda kijitoni.

Nimefurahi. Mtambo umeanza kujinywea uchafu wenyewe. Hakika vile vidudu vilikuwa na uvivu tu.

Jumatano, 12 Februari

Afisa amekuja. Mwanamke, anaitwa Wamuyu, viatu vya mpira mpaka gotini, maneno machache. Asubuhi nilikuwa nimerudisha mota mahali pake ili angurumiwe kidogo. Akasikiliza. Akainama, akatoa kipande cha nyasi kwenye feni. Akauliza kama vidudu vyangu vinafugwa kwa malisho ya ng'ombe. Nikasema, madam, huku kuna upepo sana.

Tukaenda kwenye bomba la kutolea. Akajaza chupa, akaiinua juani. Angavu! Kiambi alikuwa amesimama kwenye ua, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Nikaona uso wake unashuka. Siku nzuri kama hiyo sijapata tangu nimalize darasa la sita.

Ningemwacha mgeni aende. Lakini sisi hapa mgeni haondoki bila chai, na nilitaka Kiambi amwone akikaribishwa. Karambu akaleta nduma na chai. Wamuyu akanywa funda moja. Akatazama kikombe. Akakiweka chini polepole, akauliza maji ya chai yametoka wapi. Karambu, kwa fahari yote, akasema ni ya pipa, maji ya kwanza ya leo asubuhi, hajayagusa mtu.

Nikaona hasira inanipanda. Mtu anadharau chai ya mke wangu! Nikanywa changu chote. Kisha nikanywa na chake. Kilikuwa na ladha ya kigeni, lakini heshima ni heshima.

Akatoa chupa nyingine, akachota kwenye pipa. Nikamwambia, madam, jikoni haikuandikwa kwenye barua yako. Akasema, lakini imo kwenye chai yangu.

Alhamisi, 13 Februari

Tumbo. Mara saba kabla ya saa nne.

Karambu yuko salama, jana alikunywa uji wa maji ya Jumatatu. Wageni wako salama, tangi lao hujazwa na lori. Ni mimi peke yangu. Ni chai ya afisa. Alitia dawa. Sina ushahidi, ila nina tumbo.

Karambu amemwaga pipa lote bila kuniuliza. Amekwenda kuchota maji kwa Kiambi. Kwa Kiambi! Amerudi na mtungi na salamu: Mwalimu anauliza kama bado unaumwa na lile tumbo la Jumapili.

Mota nimeirudisha kwenye nyasi. Ng'ombe walikuwa wananitazama vibaya.

Ijumaa, 21 Februari

Majibu yamefika. Karambu amesoma kwa sauti, mara mbili, kwa sauti ile ile aliyofundishwa darasani na Kiambi.

Sampuli ya kwanza, bomba la kutolea: imepita.

Sampuli ya pili, pipa la jikoni: imeanguka. Haifai kunywewa na mtu. Haifai hata kumwagwa kijitoni.

Chini yake Wamuyu ameandika kwa mkono. Atarudi Jumatano na jembe, aone maji haya mawili yanakutana wapi, ndipo ataamua kama lojingi inafungwa. Na nisome tena ukurasa wa pili wa barua ya kwanza.

Ukurasa wa pili ulichemsha chai tarehe tatu. Kumbe Kiambi ana nakala. Amenisomea kutoka upande wake wa ua, polepole, kama imla: ni marufuku kuongeza maji safi kwenye majitaka ili yapite kipimo. Akaniuliza kama niko tayari kwa swali linalofuata.

Karambu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amesema: Baba Murithi, umeninywesha choo cha wageni. Nikamwambia hakunywa, nilikunywa mimi. Akasema huo ndio wema pekee wa Mungu katika jambo hili. Ng'oa hilo bomba, rudisha mota, mwambie yule mama ukweli. Kisha akafunga nguo kwenye leso. Amekwenda kwa dada yake, huko Timau. Atarudi jikoni ikipita mtihani.

Jumamosi, 22 Februari

Nimelala peke yangu, nimekula ndizi baridi, nimefikiri. Hasira imepungua, akili imerudi.

Mota haiondoki. Ng'ombe hawana kosa katika kesi hii.

Karatasi ya serikali iko mezani, ina mhuri. Inasema maji ya mtambo ni mazuri na ya jikoni ni mabaya. Karambu anataka jikoni ipite. Wamuyu naye ni lazima atapima jikoni tena. Wote wanataka kitu kimoja, na hakuna aliyekaa chini kufikiri isipokuwa mimi.

Nimebakiwa na futi ishirini za bomba. Nimepima kwa hatua: kutoka bomba la kutolea mpaka mfereji wa jikoni ni futi kumi na tisa.

Kesho ni Jumapili. Nitatuma ujumbe kwa padre kwamba tumbo linauma, siwezi misa. Safari hii sitakuwa nimedanganya, tangu ile chai halijatulia.