Kampuni Kubwa ya Kuku Sultani

Shafii alikuwa ameshaondoka Likombe alfajiri, yuko nyuma ya bodaboda kwenye vumbi la njia ya Kilambo, begi kalikumbatia kama mtu anayewahisha mtoto zahanati. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na Msumbiji walikuwa bado hawajamjua. Kwa mtu wa kazi yake, hiyo ni mali.

Alikuwa ameingia Likombe msimu wa malipo ya korosho, pua yake imenusa noti tangu Mikindani. Akajitia Mngoni, maana Wayao ni watani wa Wangoni, na mtani hana haja ya kubembeleza: anaingia, anatukana kidogo, anapakuliwa. Mwaisha, Myao mwenye nyumba iliyosimama kuta tu ikingoja bati, alimpakulia ugali huku akimwita mwizi wa kuku tangu enzi za babu yake. Wakacheka, akapewa na chumba kwenye kibanda cha makuti cha uani.

Kumbe shughuli yenyewe ilikuwa ya kuku kweli. Kampuni ya Kuku Sultani, alieleza, haikaangi hata paja: inakodisha jina. Wewe unakaanga, yenyewe inakula asilimia, na wenye hisa wananenepa. Akatandaza mizania mkekani.

Ayubu, kaka yake Mwaisha, aliyewahi kuuza vocha na hivyo kujihesabu mfanyabiashara, aliweka kidole mstari wa chini.

"Mtaji wa wanahisa una alama ya kutoa. Mali ukitoa madeni, imebaki chini ya sifuri. Hawa si wamefilisika?"

Tapeli mchanga angebabaika. Shafii alimwonea huruma. Akasema kampuni kubwa za kukodisha majina hazirundiki fedha kama vyombo vya harusi. Zinakopa, zinanunua hisa zao zenyewe, wenye hisa wanagawana. Alama ile ndiyo ukubwa wenyewe.

"Kwa hiyo kampuni kubwa ni iliyobaki bila kitu," Mwaisha aliuliza, "kwa kuwa wenye hisa wameshachukua chao?"

"Umemshinda kaka yako, mtani."

"Na wanachukua lini?"

"Wakiamua tu."

Mwaisha akatoa fedha yote ya bati, akawa mwenye hisa. Ayubu akatoa yake, akaenda kununua tai ya ukurugenzi.

Kivukoni Kilambo, ambako Ruvuma hujaa na kupwa pamoja na bahari, maji yalikuwa yamekupwa. Mitumbwi imekaa mchangani, wasafiri wanangoja mto ujae, Shafii miongoni mwao. Ndipo Mwaisha, aliyempelekea chai akakuta chumba kitupu, akaelekezwa na vijana wa kijiwe cha bodaboda, aliposhuka kwenye bodaboda nyingine na kumpokonya begi bila salamu.

Shafii akaita mwizi. Mwaisha akawageukia watu huku anacheka.

"Mngoni wangu huyu. Nimemteka."

Kivuko kizima kikacheka. Mtani akipora hakuna kesi. Askari mmoja aliyekuwa akila muhogo aliuliza kwa kutimiza wajibu tu:

"We ni Mngoni au siyo?"

Shafii akapima. Akikana, swali la pili ni jina lake, la tatu ni begi.

"Mngoni," alisema.

"Basi tulia, mtani," Mwaisha akamwambia. "Nimeamua kuchukua chetu. Sasa kampuni yako imekuwa kubwa kabisa."

Mwaisha aliezeka nyumba. Ayubu alirudishiwa fedha yake, pungufu ya nauli ya bodaboda; tai huivaa akienda kupulizia mikorosho dawa. Askari alimaliza muhogo. Shafii alivuka kwa mkopo wa mwenye mtumbwi, na sasa anakaanga kuku ng'ambo kwa mikono yake mwenyewe. Huko wanamwita Mngoni.