Jiko la Magurudumu na Nazi Sitini

Jumapili, 5 Oktoba
Nimemaliza! Hiace yangu mbovu sasa ni jiko linalotembea. Kwa kusukumwa, injini bado. Ndani kuna friji, blenda mbili na jiko la umeme la wali. Nyamwage nzima hakuna kitu kama hiki. Dada amekubali nilishe harusi ya binti yake, Sabra, Jumamosi. Nazi sitini, tui lote kwa blenda! Bi Sijaona, anayepikia harusi zetu zote kwa kuni na mbuzi za kukunia, ameuliza nikishindwa wakwe watakula nini. Nimemwambia azipeleke mbuzi zake makumbusho.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimenunua inveta Kibiti, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Boksi limeandikwa wati elfu mbili. Damas, fundi umeme, mtu wa bara, kaja kuchungulia bila kualikwa. Eti elfu mbili ni za kufumba na kufumbua tu. Kazi ya kutwa inabeba elfu moja. Eti nijumlishe: blenda zote mbili elfu moja, jiko la wali mia tisa, friji mia na hamsini, na mota ya friji ikianza inavuta mara kadhaa zaidi. Nimejumlisha. Sikulipenda jibu. Nimelifuta.

Alhamisi, 9 Oktoba
Damas tena! Anataka betri ikae ubavuni mwa inveta, waya mfupi, mnene kama kidole, na fyuzi. Betri yangu iko chini ya kiti cha dereva, inveta nyuma kabisa. Ninao waya wa spika, mita sita, mwekundu, unapendeza. Umepitisha singeli miaka mitatu, utashindwa na blenda? Fyuzi ni za waoga. Nimejaribu taa moja. Imewaka! Mke wangu Mwanahawa ameuliza kama taa inakuna nazi. Imeniuma.

Jumamosi, 11 Oktoba
Asubuhi nimewasha vyote kwa pamoja, wakwe kutoka Ngarambe wakitazama. Inveta ikalia piii! Moshi. Waya ukageuka mweusi ukayeyukia kwenye kiti. Damas akachomoa betri, akaniletea maji ya kunywa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Dada alilia. Nimeona aibu, nakiri.
Bi Sijaona alikuwa amekuja na mbuzi saba. Wanawake wake walikuwa sita. Akanisogezea ya saba. Nimekaa juu ya mbuzi, mwanamume mzima, na kanzu yangu, nikakuna nazi kumi na moja mbele ya wakwe. Wali umeiva saa nane. Sabra ameolewa.

Jumapili, 12 Oktoba
Mkono umevimba. Bi Sijaona amesema ninakuna laini kuliko wanawake wake, niende naye harusi ya Mtawanya mwezi ujao. Kamwe!
Nimetafakari. Kosa ni la blenda. Nimeing'oa mota ya friji, naifunga kwenye mbuzi. Mbuzi ya umeme! Inveta ukiiwasha inalia, kwa hiyo iko hai. Damas ameuliza wati ngapi. Nimemfukuza. Waya ninao. Ule mwekundu haukuungua wote, zimebaki mita mbili nzuri kabisa.