Vidonge Kabla ya Uchaguzi

Alhamisi, 3 Machi 1955
Damu imepanda. Bwana Enos, dresa wa hospitali, amenipa vidonge: kimoja asubuhi, kimoja jioni, nisiongeze, nisiache. Anasema pua itaziba, usingizi utakuja mchana, na nikiinuka ghafla nitaona kizunguzungu. Basi eti niketi kwanza, nihesabu hadi kumi, nishike kitu, ndipo nisimame. Ushauri wa vikongwe. Mimi nina miaka sitini na miwili tu.

Simwambii mtu. Jumapili tunachagua mwenyekiti wa chama cha mazishi, sisi watu wa Kimilili tunaoishi Kisumu. Mwenyekiti akifa, lori humpeleka kwao siku hiyo hiyo. Wengine hungoja ruhusa ya mwenyekiti. Miaka ishirini na tisa niko hapa, na udongo huu mweusi bado siutaki.

Ijumaa, 4 Machi
Pua imeziba. Zadock, mpinzani wangu, kanikuta nje ya duka la Manubhai nikisinzia wima. Akauliza mbele ya watu kama Mzee Walubengo ameanza mazoezi ya kusafirishwa. Manubhai alicheka mpaka akaacha kupima sukari. Nikajibu kwamba nilikuwa nawaza. Kwa pua ile, hata mimi sikujielewa.

Jumamosi, 5 Machi
Mpango. Nimemeza viwili asubuhi, viwili jioni, ili kesho niwe nimepona. Jina langu likiitwa nitaruka kutoka kitini kama kijana, Zadock anyamaze. Mke wangu Nabututu kasema dresa alikataza yote mawili, kuongeza na kuruka. Nimemwambia dresa si mwanachama.

Jumapili, 6 Machi
Ukumbi wa Kaloleni, umejaa. Kwetu mgombea husimama, na wanaomtaka hupanga mstari nyuma yake. Zadock, aliyekaa mbele yangu, aliitwa kwanza, akainuka kwa raha zake. Nikaitwa. Nikaruka. Ukumbi ukawa giza, ukazunguka. Nikashika kitu cha kwanza nilichopata. Yalikuwa mabega ya Zadock.

Watu wangu, waaminifu sana, wakaja wakapanga mstari nyuma yangu. Katibu akaona mstari mmoja tu, wa Zadock: watu arobaini na mmoja, wa kwanza mimi. Zadock hakugeuza hata shingo. Akasema, "Asante, Bwana. Sasa niachie koti."

Jumatatu, 7 Machi
Nimelala mpaka saa sita. Enos amekuja kunipima, kanikaripia kwa sauti ya chini. Dozi ile ile aliyotoa, na kuinuka polepole. Kasema ningeweza kutoinuka tena, na ruhusa ya lori angeitoa Zadock. Nimekubali kila neno.

Jumapili ijayo tunachagua naibu. Kosa langu nimeliona: kiti kile kilikuwa kirefu mno, mtu akiruka watu hawaoni tofauti. Safari hii nitakaa sakafuni.