Vita vya Seremala na Mshale wa Geji

Kwa jina la Mola aliyeipa hewa wepesi na moto ukali, sogeeni enyi wenye masikio, kunjeni miguu, zimeni simu zenu, niwasimulie vita alivyopigana uani, baina ya kamba ya nguo na tangi la maji, Seremala, mbabe wa randa, mume wa mke mmoja na mmiliki wa gari moja kuukuu.

Gari hilo lilifuka moshi mweusi mfano wa jeshi lililoshindwa. Mara ya mwisho mama mkwe alipolipanda, mtandio wake mweupe ulishuka na rangi ya sufuria, naye, bibi wa maneno machache na hukumu nzito, akatamka: "Ijumaa nakwenda kumwona kitukuu changu. Likifuka tena, nitapanda la mwenzako."

Mwenzako huyo alikuwa mwanyumba wake, mume wa shemejiye, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye gari jipya na kicheko kirefu. Tangu aoe, Seremala ndiye aliyekuwa akimwendesha mama mkwe. Kupokonywa usukani huo kungekuwa kuvuliwa nguo hadharani.

Basi akajizatiti kwa sensa ya oksijeni yenye upeo mpana, mpelelezi akaaye ndani ya bomba la moshi akinusa, pamoja na geji yake, ambayo mshale wake husema kila sehemu moja ya petroli imeungana na sehemu ngapi za hewa. Kumi na nne nukta saba ndicho kiti cha enzi. Chini yake petroli imezidi, juu yake hewa imezidi.

Akatoboa bomba. Tundu likawa pana kuliko sensa. Hapo ilipasa amwite mwanyumba aje achomelee, lakini moyo wa simba ukakataa. Akachonga kabari ya mbao, akaipaka gundi, akaziba nyufa kwa unga wa msumeno, akasoma dua, akawasha injini.

Mshale ukaruka hadi kumi na saba.

"Hewa imeasi," akanguruma. "Petroli na ije kama mafuriko." Akalegeza skrubu ya kabureta. Moshi ukaongezeka, mshale usitikisike. Akalegeza tena, na shuka tatu kambani zikaanguka mateka wa masizi.

Mkewe akatoka na beseni. "Baba watoto, mbona gari linanukia kabati?"

"Ni harufu ya ushindi, ewe nuru ya nyumba."

Mkewe akainama, akatazama bomba. "Mbao imeungua. Hewa ya nje inaingia kwenye ufa, sensa inainusa hiyo, nawe unazidi kumwaga petroli. Mwite shemeji."

"Nimwite yule?"

"Au mwache ampeleke mama."

Mwanyumba akaja na mashine yake, akalala chini ya gari, akacheka hadi miguu ikatikisika. "Kaka, nitachomelea. Kwanza sema: mbao si chuma."

Seremala akavua kofia, akahutubia ua wote: "Enyi kuta, enyi ndoo, shuhudieni. Mimi niliyenyoosha milango mia, naungama kwamba mbao si chuma."

"Kwa sauti, shemeji hajasikia."

"Nimesikia," akasema mke, akifua upya.

Cheche zikaruka, ufa ukafa. Injini ilipowaka, mshale ukasema kweli: kumi. Seremala akakaza skrubu robo duru, akapumua, akakaza tena. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kisha, taratibu kama sultani anayeketi, kumi na nne nukta saba, na moshi ukatoweka.

Ijumaa, baada ya sala, mama mkwe akazunguka nyuma ya gari, akanusa kama kadhi asomaye hati. "Nani kalitubisha?"

Seremala akamtazama mwanyumba.

"Mkwe wako mkubwa, mama," akajibu mwanyumba. "Kwa fanicha."

Bibi hakucheka. "Fungueni mlango wa mbele."

Na iandikwe katika tarikhi, wajukuu wasome: siku hiyo gari kuukuu lilivuka mitaa sita bila kufuka, Seremala kwenye usukani, mama mkwe kando yake na mtandio mweupe kama maziwa, na mwanyumba kiti cha nyuma, akishika kapu la zawadi kwa mikono miwili.